Hesabu Sahihi, Haki Iliyopotea: Mitambo ya Akili Unde katika Afisi za Serikali na Amani ya Nyumba Zetu

Kila nyumba iliyowahi kufiwa yajua kwamba matanga yakiisha huja siku ya hesabu. Warithi huketi mbele ya kadhi, au mwanachuoni aliyebobea katika elimu ya faraidhi. Mali ikaorodheshwa, madeni yakalipwa, wasia ukatekelezwa, kisha kilichobaki kikagawanywa. Tuseme marhumu ameacha shilingi 480,000, mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni yake, yaani 60,000. Zinazosalia 420,000 hukatwa mafungu matano: kila mwana wa kiume akapata 168,000 na binti akapata 84,000. Hesabu imetimia, wala hapana aliyependelewa.

Sasa tuseme yule aliyeandika orodha ya warithi alimsahau mama mzazi wa marhumu, ajuza aliye mbali, asiyeweza kusafiri. Mama huyo ana sudusi yake, nayo ni shilingi 80,000. Jina lake halimo katika karatasi, kwa hivyo fungu lake limekwenda kwa wajukuu. Ukiirudia hesabu ile mara mia utapata jibu lile lile, na kila mara itakuwa sahihi. Iliyopotea ni haki, na ilipotea kabla ya tarakimu ya kwanza kuandikwa. Ndiyo sababu kadhi mwenye busara hatangulizi kugawa, hutanguliza kuuliza. Nani yu hai? Nani hayupo hapa? Je, kuna mke mwingine, kuna deni, kuna wakfu?

Tumeanza na mirathi kwa kuwa serikali nyingi duniani, yetu ikiwamo, zinaikabidhi mitambo ya kompyuta kazi ya kugawa, kukadiria na kushuku. Wataalamu huiita akili unde. Wengine husema akili bandia. Kiini chake ni kanuni za hesabu zinazofuatwa hatua kwa hatua, ziitwazo algorithimu. Jina hilo si geni kwetu kama linavyosikika. Limetokana na jina la mwanachuoni wa Kiislamu, Muhammad bin Musa Al-Khawarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, karne ya tisa. Katika kitabu chake maarufu cha aljebra, sehemu kubwa imetengwa kwa masuala ya wasia na mirathi. Kwa hivyo hesabu hizi, tangu asili yake, zilitumika katika kumpa kila mwenye haki haki yake. Swali lililo mbele yetu leo ni kama bado zinafanya kazi hiyo.

Mitambo imekwisha kuingia afisini

Hapa Kenya safari hii ilianza kwa hatua ndogo. Mwaka 2013 vilifunguliwa vituo vya Huduma, ambapo raia hupata huduma za idara nyingi chini ya paa moja. Mwaka uliofuata ukaja mfumo wa eCitizen, na kufikia katikati ya 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma 5,000 zinapatikana humo kwa simu au kompyuta. Mwezi Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa akili unde, utakaodumu hadi 2030.

Kheri ya mambo haya ni kubwa, na si haki kuificha. Mama wa Faza au Kizingitini aliyekuwa akipanda mashua hadi Lamu kufuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akaambiwa arudi wiki ijayo, anaweza sasa kuanzisha ombi lake akiwa nyumbani. Mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi, hahitaji tena kuchagua kati ya kuitunza eda yake na kupanga foleni ya stakabadhi. Karani aliyezoea kuomba chai kabla ya kutafuta faili amepungukiwa na nafasi ya kuomba. Haya yote ni maslahi, na atakayeyapinga kwa kuogopa kila kipya atakuwa anawazidishia wanawake mzigo.

Hata hivyo, yafaa kutenganisha mambo mawili. Kuna mtambo unaopokea ombi lako na kulifikisha kwa afisa, na kuna mtambo unaoamua: huyu apewe, huyu anyimwe, huyu alipe kiasi hiki, huyu achunguzwe kwa udanganyifu. Wa kwanza ni tarishi. Wa pili ni hakimu. Tarishi akikosea, barua huchelewa. Hakimu akikosea, nyumba huvunjika. Na si maneno ya kutisha tu, kwani yamekwisha kutokea katika nchi tajiri zenye wataalamu wengi kutushinda.

Yaliyowafika wazazi wa Uholanzi

Nchini Uholanzi serikali huwasaidia wazazi wanaofanya kazi kulipia malezi ya watoto wadogo wakati wa mchana. Mamlaka ya kodi ndiyo iliyotoa fedha hizo, na kwa hofu ya udanganyifu ikatumia mfumo wa kompyuta uliojifunza wenyewe kutoa alama ya shaka kwa kila ombi. Maombi yenye alama za juu yalipelekwa kwa afisa ayachunguze. Miongoni mwa mambo yaliyopandisha alama ni mwombaji kutokuwa na uraia wa Kiholanzi. Afisa aliyepokea faili hakuelezwa kwa nini mtambo umemshuku mtu huyo. Aliona tu kwamba ameshukiwa.

Ukali wa sheria ukaongeza moto. Mzazi aliyekosa saini moja, au aliyeshindwa kuonyesha malipo madogo ya upande wake, alidaiwa kurudisha msaada wote wa mwaka mzima, na wengi walidaiwa makumi ya maelfu ya yuro. Waliobanwa zaidi walikuwa familia za kipato cha chini na zenye asili ya kigeni, wakiwamo wengi wenye asili ya Uturuki na Moroko. Watu walipoteza kazi na nyumba, ndoa zikavunjika. Ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ilipohesabu, ilikuta kwamba watoto zaidi ya 1,000 wa familia zilizoathirika waliondolewa majumbani mwao na kuwekwa chini ya uangalizi wa wengine katika miaka hiyo.

Kwa muda mrefu wazazi hao waliambiwa kwamba mfumo haukosei. Aliyeshika kesi zao bila kuchoka alikuwa mwanamke, wakili Eva González Pérez, aliyeona kwamba wazazi wengi wanadaiwa kwa mtindo mmoja na akakataa kuamini kwamba wote ni wezi. Wabunge wachache wakauliza maswali, waandishi wa habari wakafukua nyaraka. Mwezi Desemba 2020 kamati ya bunge ilitoa ripoti iliyokiri dhulma isiyo na mfano, na tarehe 15 Januari 2021 serikali nzima ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu. Wazazi waliodhulumiwa waliahidiwa fidia isiyopungua yuro 30,000 kila mmoja. Lakini mtoto aliyeondolewa akiwa na miaka mitatu harudi akiwa wa miaka mitatu.

Dini yetu imetukataza kujenga hukumu juu ya dhana, na imetuamrisha kuzibainisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Waliofanya kinyume Uholanzi hawakuwa mashine. Walikuwa watu walioipa mashine dhana zao, kisha wakajificha nyuma yake.

Mvuvi na wastani wa Australia

Kisa cha pili kilitokea Australia. Huko mtu asiye na kazi, au mwenye kazi ya vipindi, hupata msaada unaokadiriwa kila wiki mbili kulingana na alichochuma katika wiki hizo. Kuanzia mwaka 2015 idara husika ilianza kutumia mpango ambao watu waliubatiza jina la Robodebt. Kompyuta ilichukua kipato cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ikakigawanya sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili, kisha ikalinganisha. Palipotokea tofauti, ilihesabiwa kuwa mtu amedanganya, na barua ya deni ikatumwa. Jukumu la kuthibitisha kwamba hadaiwi lilimwangukia yeye, hata kwa malipo ya miaka mingi nyuma.

Sisi wa pwani twaweza kuliona kosa hili upesi kuliko profesa. Mchukulie mvuvi anayepata shilingi 40,000 kwa mwezi katika miezi sita ya kaskazi bahari ikiwa shwari, na asiyepata chochote kusi linapovuma na mashua kupandishwa ufuoni. Kwa mwaka amechuma 240,000. Mtambo utasema: huyu hupata 20,000 kila mwezi, basi mwezi Juni alipoomba msaada alikuwa mwongo. Hesabu ya wastani ni sahihi kabisa, lakini wanawe hawakula wastani. Mwezi Juni walilala na njaa.

Mpango huo uliwakumba mamia ya maelfu ya watu. Mwezi Novemba 2019, katika kesi ya mwanamke mmoja, Deanna Amato, serikali ilikubali mahakamani kwamba deni alilodaiwa halikuwa halali, na baadaye ikalazimika kuwarudishia watu fedha zao. Tume maalumu ya uchunguzi ikatoa ripoti Julai 2023. Miongoni mwa waliotoa ushahidi mbele yake ni akina mama wawili waliowapoteza vijana wao waliojitoa uhai huku wakiandamwa na madai hayo.

Ukuta wa mawe si ushahidi wa utajiri

Turudi nyumbani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi twaiita SHA, imechukua nafasi ya bima ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Lakini mama muuza mahamri, fundi wa kushona kanzu, kuli wa bandarini na mvuvi hawana hati ya mshahara. Kwa watu hawa mfumo huuliza maswali kuhusu nyumba na maisha: kuta zimejengwa kwa nini, paa ni la nini, choo ni cha namna gani, maji yatoka wapi, watu wangapi wanaishi humo, wana vyombo gani. Kutokana na majibu hayo kompyuta hukadiria kipato cha nyumba, na mchango ukapangwa, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Nia ya kumtoza kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake ni njema, na inakaribiana na mafunzo tuliyoyazoea. Taabu ni kwamba kuta zetu zina historia ambayo maswali hayo hayaijui. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mitaa ya Lamu zimo nyumba za mawe na chokaa zilizojengwa na mababu. Aliyemo ndani yaweza kuwa ni mjane anayeishi katika chumba kimoja cha urithi usiogawanywa, au katika nyumba ya wakfu ambayo hana ruhusa ya kuuza hata mlango wake. Ukuta wa mawe ni mali ya marehemu. Mjane mwenyewe anasubiri sahani kutoka kwa jirani. Kwa upande wa pili, paa la makuti laweza kuwa la maskini wa Msambweni, na laweza kuwa la hoteli ya kitalii ya Watamu. Mtambo unaosoma kuta na mapaa unahitaji mtu wa kuubishia hodi na kuingia ndani.

Lipo pia suala la majina. Kijana mmoja ameandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika kitambulisho na Mohammed katika cheti cha shule. Mama yake ni Fatma huku na Fatuma kule. Pengine ni Mwanaisha mahali pamoja na Aisha mahali pengine. Karani wa mtaani angecheka na kuendelea na kazi. Kompyuta isiyopewa maarifa ya majina yetu huona watu watatu, na katika watu watatu huona udanganyifu. Na kwa wanawake waliosuka makuti na kufua nguo miaka yao yote, alama za vidole zilizochakaa huweza kukataliwa na kifaa, ilhali mwenyewe amesimama pale pale.

Sheria imetuachia mlango

Alhamdulillahi, nchi yetu haikuingia katika mambo haya bila sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba champa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na afisi za serikali, na uamuzi unapomdhuru ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeongeza jambo ambalo wachache wanalijua. Katika kifungu chake cha 35 imetamka kwamba mtu ana haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mtambo peke yake. Ipo mipaka yake, kama vile uamuzi ulioruhusiwa na sheria nyingine. Hata hapo, mtu anastahili kujulishwa kwamba uamuzi umefanywa na mtambo, naye aweza kuomba uangaliwe upya. Sheria hiyo hiyo yampa haki ya kujua taarifa zake zilizowekwa na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa.

Wala haki hizi hazikukaa vitabuni tu. Serikali ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba mwaka 2019, miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni shirika la kutetea haki za Wanubi, ndugu zetu Waislamu ambao kwa miaka mingi wamesumbuliwa katika kupata vitambulisho. Walihofu kwamba mwenye kunyimwa karatasi leo, kesho atafutwa na kompyuta. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia uchukuaji wa vinasaba na taarifa za mahali watu waishipo kwa njia ya setilaiti, na ikaamua kwamba mpango hauwezi kuendelea pasipo sheria madhubuti ya kuusimamia. Jamii ndogo iliuliza swali, na taifa zima likafaidika na jibu.

Yaliyo mikononi mwetu

Kwanza, kila familia na iketi siku moja izipange stakabadhi zake. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, cheti cha ndoa cha kadhi, vyeti vya shule: je, majina yameandikwa kwa herufi zile zile? Kosa lililopo lirekebishwe sasa, wakati hakuna mgonjwa kitandani wala mtoto anayesubiri kujiunga na chuo.

Pili, unapojaza maswali ya mfumo wowote wa serikali, jaza mwenyewe au keti karibu na anayekujazia, na umwambie asome kila swali kwa sauti. Wengi wetu hutegemea vijana wa saiba. Wengine ni waaminifu, lakini huharakisha. Tiki moja mahali si pake yaweza kukugharimu mwaka mzima. Nenosiri lako ni amana, usimwachie mtu. Na usiseme uongo ili upunguziwe, kwani anayedanganya hudhoofisha madai ya waliodhulumiwa kweli.

Tatu, hifadhi ushahidi. Piga picha ya ukurasa wa mwisho, andika tarehe na namba ya ombi katika daftari la nyumbani. Mfumo wa eCitizen wenyewe ulishambuliwa na wadukuzi mwezi Julai 2023, huduma zikakatika kwa siku kadhaa. Mwenye karatasi yake hakosi pa kuanzia.

Nne, ukiambiwa kwamba kompyuta imekataa, usiondoke na jibu hilo. Uliza kwa adabu: imekataa kwa sababu gani, na nani mwenye mamlaka ya kuangalia upya? Omba jibu la maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, au kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iwapo jambo lahusu taarifa zako.

Tano, na hili ni letu sote, kamati za misikiti na vikundi vya akina mama visichoke kukusanya visa. Mjane mmoja akilalamika huambiwa ni bahati yake. Wajane 30 wa mtaa mmoja wakionyesha kwamba wote wamekadiriwa kwa kuta za urithi, hilo tena ni kosa la mfumo, na mwakilishi wadi na mbunge hawana budi kulisikia. Wakili Eva alianza hivyo hivyo, kwa kuona kwamba faili zilizo mbele yake zinafanana.

Na kwa vijana wetu wa kike na wa kiume wanaosomea kompyuta katika vyuo vya Mombasa, Kilifi na kwingineko, tuna ombi moja. Siku mtakapoitwa kuiundia serikali mitambo hii, ingieni na maarifa yenu ya nyumbani. Mnajua kaskazi na kusi. Mnajua kwamba Fatma na Fatuma ni mtu mmoja, na kwamba nyumba kubwa yaweza kuwa na jiko lisilowaka. Msiache maarifa hayo mlangoni.

Kadhi tuliyeanza naye hakuidharau hesabu. Aliitumia, na bila hiyo asingeweza kugawa. Lakini kabla ya kuigusa kalamu aliinua macho akawatazama waliohudhuria, akauliza: je, yuko ambaye hatukumtaja? Swali hilo mtambo haulijui mpaka afundishwe mtu anayeuongoza. Tulidai liulizwe katika kila afisi, ili yule ajuza aliye mbali naye apate fungu lake.

Wabillahi tawfiq.